Kwa Tumsifu, Pembezoni mwa Skripti Yake

Nimeisoma yote, kurasa mia na kumi na nne,
barazani kwangu hapa Sinza, umeme umekatika mara mbili,
jenereta la kinyozi linanguruma kama lina kesi na mimi.
Usiogope wino mwekundu. Kalamu ya bluu iliniishia ukurasa wa thelathini.

Kwanza, mtu wako tumkute ameshachelewa.
Umemwandikia saa inalia, anajinyoosha, anapiga mswaki,
anachemsha chai, anakunywa chai,
na mimi mtazamaji nimeshatoka kwenda kununua vocha.
Mweke kwenye ngazi za mahakama, Kisutu,
kiatu kimoja kimeachia soli,
karani anaita jina lake kwa mara ya tatu.
Chai tutaikisia.

Pili... hapana, sihesabu. Nikihesabu utanakili daftarini
ukadhani kazi hii ina orodha.

Nikuambie la Kuruthumu.
Tulikuwa tunapiga picha Tabata, nyumba ya kuazima,
mwenye nyumba kasimama mlangoni anahesabu vikombe vyake.
Mke kagundua siri ya mumewe; nikamwandikia
kurasa tatu: ewe mwanamume, miaka kumi na miwili,
nilikutoa matopeni nikakuvisha suti!
Nilizipenda kurasa zile. Nilizisoma kwa sauti bafuni.
Kuruthumu akazisoma, akazikunja, akazikalia.
Akaomba ungo na mchele.
Kamera ikawaka. Anachambua. Mume akaingia. Anachambua.
Mume akauliza, "Leo tunakula nini?"
Akatoa jiwe moja kwenye ungo,
akaliweka mezani, mbele ya mumewe.
Mwongozaji alisahau kusema kata.
Mwenye nyumba alisahau vikombe.

Tangu siku hiyo, kila nikitaka kumpa mtu hotuba
namuuliza kwanza: mchele uko wapi?

Zile "nakupenda" zako tisa, nimefuta nane.
Ya tisa nimeiacha kwa sababu anayeisema anadanganya.

Bosi atakuita Kariakoo, ofisi juu ya duka la vitenge,
atakusifu mpaka soda ipate moto.
Atasema: weka mchawi. Atasema: ikate, iwe sehemu ya kwanza na ya pili.
Mchawi mweke, kama ana kodi ya kulipa na mtoto anayekohoa usiku.
Ila karatasi kwanza, Tumsifu. Karatasi, sahihi, tarehe,
na nusu ya pesa mkononi kabla hujamtajia mwisho wa hadithi.
Mimi nilimsimulia mwisho kwa sahani ya chipsi mayai.
Miezi mitano baadaye nikaukuta ukutani, Mtaa wa Aggrey:
bango lenye sura sita, na chini kabisa, mwandishi,
jina la shemeji yake.
Nilisimama pale mpaka muuza maji akaniuliza kama nimepotea.
Nikamjibu, hapana, nasoma.

Watakwambia kazi hii hailishi. Wiki nyingi hailishi kweli.
Nimeandika matangazo ya sabuni, risala za harusi,
barua ya mpangaji kumsihi mwenye nyumba.
Barua ile ndiyo iliyonifundisha kumwandika adui:
ilibidi nikae kwenye kiti chake nione paa linavyomvujia na yeye.

Sasa fungua ukurasa wa sitini na moja.
Baba karudi kutoka soko la Mabibo, anahesabu chenji mbele ya binti,
inapungua mia mbili, anahesabu upya,
midomo yake inatembea.
Binti ameona. Anainama, anajifanya anafunga kamba za viatu.

Hapo kalamu yangu haikugusa.
Nilirudi ukurasa wa nne kuhakikisha:
umeandika binti amevaa ndala.

Sijui ulikosea au ulijua. Usiniambie.
Ndala ziache, kamba ziache,
na zile kurasa sitini za mbele zifunge mfuko, weka juu ya kabati.
Anza upya pale anapoinama.
Jumapili ijayo niletee. Uje na kalamu yako.