Mlango wa Benki

Tiketi ya mzee ina punguzo la euro tatu.
Bibi Fuensanta alihesabu chenji mara mbili,
akaifunga kwenye leso, akaingia Marekani ya kale
kwa lango lililoko Tabernas, mwendo mfupi kutoka Almería,
viatu vyake vya kanisani vikiwa vyeupe kwa vumbi.

Jangwa ni la kweli. Hilo tu.
Hoteli ni ukuta mmoja ulioegemezwa nguzo kwa nyuma
kama mlevi anayeshikiliwa na marafiki.
Kaburi lina jina, halina mtu.
Kitanzi kinaning'inia, na watoto wa Kijerumani
wamepanga foleni wakivae, wapigwe picha,
baba yao akiwahimiza watabasamu.

Nilidhani amekuja kuona farasi.
Nikamnunulia soda, nikamtafutia kivuli.
Hakukaa. Alipita baa, akapita kinyozi,
akapita ofisi ya mkuu wa polisi bila hata kutupa jicho,
akasimama mbele ya benki
kama mtu aliyefika kwao akakuta wenyewe wametoka.

"Huu ni wetu."

Nini chenu, bibi?

"Mlango."

Mwaka ule mvua ilipita mbali, wakaja watu wa sinema
na malori yao, na bwana mmoja wa kofia nyeupe
akizunguka vijijini kununua uzee:
madirisha yaliyopauka, magurudumu, mitungi yenye ufa.
Uzee wa kweli, alisema, haupakwi kwa rangi.
Baba yake, Indalecio, akaung'oa mlango na bawaba zake,
akapewa peseta mia sita na sigara moja.
Akanunua mbuzi.
Penye mlango wakatundika blanketi,
na baridi ya Januari ikaingia bila hodi,
maana blanketi utalibisha wapi?

Akainama, magoti yake ya chuma yakilalamika,
akapapasa upande wa bawaba, chini ya rangi ya kahawia,
hadi kidole kikasimama.
Mikato ya kisu. Kila sikukuu ya Mtakatifu Yosefu
baba aliwasimamisha hapo, visigino vikigusa mbao.
"Huu wangu. Huu wangu. Huu wangu.
Huu wa Ginés.
Huu wa Ginés."
Wa tatu wa Ginés haupo.
Mlango ulikuwa umeshauzwa, na aliyempima mara ya mwisho
ni seremala, kwa kamba, mtoto akiwa amelala.

Nina miaka arobaini na mbili.
Jina hilo sikuwahi kulisikia nyumbani.

Saa sita kamili spika zikakohoa.
Jambazi, kijana mwenye mafuta ya jua masikioni,
akaja kumwomba kwa adabu asogee:
"Samahani bibi, tunakuja kuvunja benki."

"Mnavunja kila siku?"

"Saa sita na saa kumi na moja. Jumapili mara tatu."

Bibi akaliangalia buti lake, akauangalia mlango.
"Basi piga chini, usipige katikati.
Bawaba ya juu ni mbovu tangu enzi za baba."

Risasi za baruti tupu. Farasi aliyezoea, hata sikio hakutikisa.
Mtu akaanguka kutoka paani, akaanguka vizuri,
juu ya godoro lililofichwa kwa nyasi.
Jambazi akaja mbio, akainua mguu, akapiga
chini.

Mlango ukafunguka wote, bila kelele, mpaka ukutani.
Ndani hapakuwa na benki. Palikuwa na mpira wa maji,
ndoo, mbigili, na jua lote la Almería
likimulika mahali pasipo na chumba.

Watu walikuwa wanamshangilia mwizi.
Bibi akasogea hadi kizingitini, mkoba kifuani.
"Hodi," akasema, si kwa sauti ya mchezo.
Akabisha mara tatu, kama inavyotakiwa,
kisha akarudi nyuma
kuwapisha wanaume na magunia yao.