Kuhesabiwa

Desemba ishirini na saba, Machame.
Wametoka Dar, Mwanza, mmoja Tunduma,
magari manane yamebanana hadi kwenye migomba.
Wamekuja, kama watu wanavyotania, kuhesabiwa.
Mimi nimepanda kutoka Moshi mjini na taa tatu,
tepu ya fundi cherehani,
na betri nilizozichaji jana, umeme ulipokuwa na adabu.

Watu kumi na tisa, mistari mitatu.
Mlima umejifunika. Sikuuhitaji.

Hesabu nilifundishwa na marehemu Munuo wa Njoro.
Aliiandika kwa chaki juu ya mlango wa chumba cha giza:
namba ya taa, gawa kwa tundu la lenzi, ndio umbali wako.
Arobaini kwa nane, mita tano.
Na ukiipunguza taa hadi robo, namba haiwi kumi, mjinga wee,
inakuwa ishirini, sogea mbili na nusu,
maana mwanga hufifia kwa umbali uliojizidisha wenyewe.
Mwaka mzima niligoma kuelewa.

“Isogeze,” akasema mkwe mkubwa, “Bibi aonekane.”
Nikaisogeza, mita mbili. Nikajaribu.
Bibi Ndekusara akatoka mweupe kama jivu,
na Elisaria, mita moja tu nyuma ya kiti chake,
hakupata hata nusu ya mwanga wa mama yake.
Akatazama kioo cha kamera, akasema,
“Kumbe hata taa ina upendeleo.”
Hakuna aliyecheka.
Kuna neno la kihamba hapa. Sikuuliza.

Nikairudisha nyuma, tano, kisha sita,
nikafungua tundu kidogo.
Ukitaka kuwagawia sawa, simama mbali
na uwe na nguvu za kutosha.
Taa ya pili kushoto, nusu, ilainishe vivuli chini ya kofia za wajomba.
Ya tatu nikaificha nyuma ya masale ya mpakani,
ichore mabega.

“Acheni nafasi ya Aminieli,” Bibi akasema.

Wakatazamana. Kisha ndugu wawili,
ambao tangu asubuhi hawakusimama karibu,
wakaachana zaidi, upana wa mtu mmoja,
na kwa kuachana huko wakawa wamekubaliana.

Nikaenda na kipimamwanga hadi kwenye pengo,
nikakiinua usawa wa kifua.
Kirefu, nilikisia, kwa jinsi kaka zake walivyo.
Nikabonyeza.
Nilipata namba ileile ya wengine, bila kasoro.
Mwanga ulimfikia, ukapita, ukagonga ukuta wa nyumba,
na ukutani pakawa na sehemu moja isiyo na kivuli.

Nikarudi kwenye kamera, nikahesabu kwa sauti
kama nifanyavyo na makundi yote:
“Kumi na tisa.”
“Ishirini,” akasema Bibi, bila kugeuza shingo.

Taa zote tatu zikawaka.
Halafu ule mlio mwembamba, zikijijaza upya,
na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea.