Usikoboe

Sitta wa mashine pale Mabatini
ana vumbi la unga mpaka kwenye kope.
"Nikoboe?" akauliza, kama anavyomuuliza kila mtu.
Nikasema, usikoboe. Saga hivyo hivyo,
mtama na ganda lake, ulezi na wekundu wake.
Akanitazama kama mtu aliyeleta baiskeli
akaomba isitiwe mnyororo.
"Ni wa kuku?"
Ni wa mwanangu.

Minza aliniachia maelezo nyuma ya risiti ya maji,
kwa mwandiko wa kiuguzi, mwandiko unaokimbia:
vikombe viwili vya unga, karanga zitwangwe zisilainike,
ndizi tatu zilizoiva hadi zikakata tamaa,
asali kijiko kikubwa, siyo kijiko chako,
chumvi, mayai, ufuta wa kunyunyizia juu.
Sukari ameikata kwa mistari miwili.
Kisha akapanda kilimani Bugando, zamu ya usiku,
nami nikabaki Igogo na mikono ya fundi pikipiki,
nimeisugua kwa ndimu, nimeisugua kwa majivu,
bado kucha zinanuka oili.

Oveni hatuna.
Tuna sufuria kubwa, tuna mchanga wa ziwa
niliouchota Luchelele Jumapili kwa ndoo ya rangi.
Moto chini, makaa juu ya mfuniko.
Mchanga ukaanza kukohoa maji yake;
gamba la konokono, dogo kama punje,
likapasuka: ta!
Limi akaruka, akacheka,
akarudi kukata miduara kwa kifuniko cha chupa ya chai,
mingine ina mkia, mingine kama imeumwa.

Biskuti za kwanza ziliungua.
Niseme ukweli, nilikuwa nje nabishana na jirani kuhusu plagi.
Moshi ndio ulioniita kwa jina.
Za pili zikatoka na rangi ya miamba yetu baada ya mvua,
zimepasuka usoni, ngumu pembeni,
katikati bado zina siri ya ndizi.
Nikauma. Chembe ya mchanga ikalia jinoni.
Ladha ilikuja taratibu, kama mgeni anayevua viatu kwanza:
karanga, halafu moshi,
halafu kitu cha shambani kwa bibi yangu, Magu,
ambacho sikuwahi kukipa jina, na sikukipa.

"Ni nyeusi," Limi alisema. "Watasema nimebeba matope."
Wenzake wana za dukani, za karatasi inayong'aa,
nyepesi, zinayeyuka kabla hujajua umekula nini.
Sikuwa na hotuba.
Nilipanga kumi ndani ya kopo la maziwa,
nikaongeza mbili zilizoungua
kwa sababu kopo lilikuwa na nafasi.

Kesho yake saa kumi kopo likarudi likilia kama njuga.
Ndani: kalamu ya kijani, ukwaju, nusu ya kifutio,
gololi moja yenye ufa.
"Zile mbili za kuungua," akasema, "ndizo walizogombania.
Leo uchome zaidi."

Minza akaamka jioni, akanusa mikono yangu,
wa kushoto oili, wa kulia asali,
akala moja amesimama, kiatu kimoja mguuni,
akauliza risiti yake ya maji iko wapi.
Nilikuwa nimeiwashia moto.