Pambizo

Zamani dodoso lilikuwa la karatasi, kurasa kumi na moja,
na mimi, Mhina Kaniki, mdadisi wa kaya,
nilitoka Muheza mpaka Bwembwera kwa baiskeli,
fomu nimezifunga ndani ya mfuko wa sukari, mvua isizione.
Maswali yalikaa katikati. Pembeni palikuwa peupe.
Hapo pembeni ndipo nilipoandika nilichokiona:
"Mama amesema ndiyo, macho yake yako mlangoni."
"Mtoto wa tatu hakutajwa. Usiulize tena."
"Hapa nimepewa machungwa manane. Nimekula mawili."

Sanduku la fomu lilingoja gari wiki tatu,
likangoja tena mwezi vijana wa kuingiza namba,
na mbu wakati huo hawakumngoja mtu.
Sisemi ilikuwa heri. Wapo watoto tuliowazika
kabla jibu halijashuka kutoka Amani.

Sasa nina kishikwambi.
Kinajua nimesimama mlango gani,
kinanikataza kuruka swali, kinanisuta nikikosea umri.
Nikibonyeza TUMA, kabla sijavaa ndala zangu,
Kaya 0417 imeshafika ng'ambo, imekuwa nukta.
Wiki ile ile zahanati ikaletewa dawa.
Wiki ile ile! Nani atakilaani kioo hiki?
Ila hakina pembeni.
Nimekigeuza, nimekilaza, nimekipanua kwa vidole viwili:
kisanduku, kisanduku, ukingo,
kisha hewa.

Mwaka jana, msimu wa machungwa,
akaniita Bi Mwanjaa Semkiwa, Kaya 0417 mwenyewe.
Nikadhani homa. Kumbe mjukuu wake, Singano,
yule anayejua bei ya Mombasa kabla ya wachuuzi,
usiku mmoja aliutafuta utafiti wetu simuni
akaupata.
Ukurasa wa tisa, ramani. Kijiji hakina jina,
kimepewa herufi tu, kwa ajili ya siri.
Lakini mto anaujua,
na pale mto unapopinda hakuna nyumba ila yao.

"Hii nukta ya kijani ndiyo mimi?"
Ndiyo wewe, Bibi.
"Na kijani maana yake nini?"
Kaya ina chandarua, na kinatumika.
Akacheka mpaka akashika kiuno.
Akanipeleka nyuma ya jiko.
Chandarua kilikuwepo, na kilitumika kweli:
chini yake vifaranga kumi na wanne,
na juu mwewe anazunguka bila faida.
"Uliniuliza ninacho? Ninacho.
Kinatumika? Kila siku.
Hukuniuliza nani analala ndani."

Miaka ishirini na sita nimewauliza watu.
Hakuna aliyewahi kunirudishia jibu lake
akaniambia, hili limekaa vibaya, litengeneze.
Wangeliona wapi? Tulichukua tukaenda zetu,
kama damu ya kidole: tone, kioo, ahsante, kwaheri.

Singano akatoa simu.
"Anwani ya daktari iko hapa chini. Bibi, sema, mimi naandika."
Akaandika kwa dole gumba, haraka kama anayemenya karanga;
na mimi nikalikumbuka dole la bibi yake,
jinsi nilivyolishika nikalichovya winoni
kwenye fomu ya ridhaa ambayo hakuweza kuisoma.

Jibu likaja kabla ugali haujapoa:
"Shikamoo Bibi. Je, ziko kaya nyingine kama yako?"
Bi Mwanjaa akaitazama ile shikamoo muda mrefu kuliko swali.
"Waambie wako wengi," akasema. "Na mwewe ni wengi."

Nilipokuwa nafunga begi akanivuta shati.
"Mhina. Kama mtoto huyu amenijua kwa kona ya mto tu,
nani mwingine huko anajua ninapolala?"

Nikawasha kishikwambi. Nikakizima.
Nikatoa kalamu ya wino iliyobaki mfukoni
nikaliandika swali lake kiganjani.