Kidole Gumba

Mimi Fulgensi, karani wa zamani
wa chama cha msingi, Kibosho,
nakiri mbele ya gunia:
nimemchagua mwenyekiti mara sita
kwa kidole gumba.

Si kwa wino. Kwa kugusa tu ukingo wa sahani,
kama mtu anayepapasa shavu la mtoto aliyelala.
Aliyempigia Melkiori makofi mkutanoni,
kahawa yake ilinenepa mezani.
Aliyeuliza fedha za pembejeo zimekwenda wapi
alipoteza kilo mbili kati ya mlango na meza,
nami niliandika, kwa mwandiko
uliosifiwa hata na padri.
Mkiona mstari huu umepungua mizani
msinilaumu. Mazoea.

Mwezi wa saba, manyunyu yakishuka mlimani,
akaja binti wa Eufrasia kwa pikipiki, toka Moshi mjini,
na boksi. Ndani: mizani ya namba nyekundu,
paneli ya jua ndogo kama sinia,
na waya.
Ukiigusa ukingo, inalia.
Inalia kama mbuzi, mbele ya watu wote.

Siku ile kina mama walishusha mizigo vichwani
na simu zikaita moja moja, mafundoni mwa kanga:
kilo kumi na nane nukta nne.
Jina: si la mume. Jina la aliyebeba.
Melkiori akasema mtambo huu utaleta fujo majumbani.
Hakukosea. Kwa Assenga chungu kilikaa siku mbili bila moto,
wakibishana ujumbe ni wa nani.

Novemba, uchaguzi.
Hakuna aliyepaza sauti. Eufrasia alisoma simu yake
polepole, kama anayesoma somo la kwanza kanisani,
akajumlisha,
kisha akaomba daftari langu liletwe.
Mwandiko haukunisaidia.

Sasa neno la siri la mizani analo yule binti.
Watu wazima wanamwamkia kabla hajawaamkia.
Juzi nimeona mkungu wa ndizi mlangoni kwake,
mshare, zilizokomaa vizuri.
Naijua ndizi ile. Nimeila miaka kumi na minane.

Jana nikapeleka gunia langu,
nikapanga foleni nyuma ya niliowapunja.
Hakuna aliyenipisha, hakuna aliyenisukuma.
Namba zikatetemeka, zikatulia:
thelathini na moja, nukta mbili.
Kumbe.
Kidole kikaniwasha.
Nikakitia mfukoni.