Kikapu Kinadaiwa

Nyuma ya mlango wa jiko kuna msumari mmoja
na msumari umebeba ukoo mzima:
mfuko wa kijani wa harusi ya Elirehema,
majina ya bwana na bibi yamekwenda na mvua,
limebaki ua, na tarehe;
salfeti la mchele uliloligeuza, ukalitia mikanda;
shangazi kaja, zipu imekufa;
na ile ya mia tano mia tano, myepesi,
inayochanika kabla hujavuka barabara.
Chini ya yote, kikapu cha ukindu.
Chako.

Miezi minne nimenunua mfuko mpya kila Jumamosi,
kwa aibu tu. Mwanamume mzima,
karani wa reli niliyestaafu na suruali ya marinda,
nipite Moshi mjini na kikapu cha mke?
Juzi nikapiga hesabu:
kilo tatu za sukari
nimezitundika ukutani.

Wewe rambo uliziosha.
Enzi zile hazijapigwa marufuku
ulizianika kambani kando ya soksi zangu,
nami nikisema, Aikande, watu watatuonaje?
Ukasema, wataona tumekula.

Leo nimekishusha.
Kikamwaga vumbi, ganda la kitunguu,
na harufu ya dagaa
ambayo hakuna aliyeipa habari.
Mshikio wa kushoto umeshonwa kwa uzi mwekundu,
mishono mirefu, ya pupa,
ya mtu aliyeacha chungu motoni.

Kiboriloni nikapanga vibaya:
nyanya chini, ndizi juu.
Mama muuza ndizi akacheka mpaka akashika kiuno,
akavitoa vyote, akaanza upya.
Ndizi kwanza, zilale.
Viazi vizibe pembe.
Karoti popote, karoti hazina neno.
Nyanya juu, na parachichi,
"na mayai, baba, utayashika mkononi,
mayai hayana kikapu."

Halafu akanyamaza.
Kidole chake kilikuwa juu ya ule uzi.
"Hiki cha mama Elirehema."
Hakuuliza mimi ni nani.
"Kinadaiwa hiki. Chane mbili za mshare.
Alisema Jumatano."

Jumatano.
Naijua ilikuwa ipi.
Tulikuwa KCMC, ghorofa ya juu,
nikihesabu matone ya dripu
kama nilivyokuwa nikihesabu mabehewa,
na wewe ukinong'ona jambo kuhusu ndizi,
nikadhani ni homa.

Nikatoa elfu tatu.
Akanirudishia mia tano,
akaitazama, akaichukua tena,
akatumbukiza ndimu mbili na fungu la mchicha
bila kuangalia,
mkono wenyewe unakijua kina.
"Mwambie..." akaanza.
Akafukuza inzi ambaye sikumwona.

Nimerudi kwa miguu, mayai mkononi,
kikapu kikinigonga gotini kila hatua
kwa sababu kilikatiwa urefu wa mtu mwingine.
Pale kona ya mangi wa sukari
vijana wa bodaboda wakaniona.
"Mzee, leo umetumwa?"

Ndiyo, nikawajibu,
na nimechelewa.