Wembe wa Saa Mbili Usiku

Kazi yangu ni kunyoa vifua.
Si daktari, wala muuguzi wa nyota begani:
nina beseni, povu, taa ya shingo ndefu,
na karatasi yenye majina ya wa kesho.
Hapa Kutaisi, ng'ambo ya mto Rioni,
wakati wa baridi madirisha ya wodi hutoka jasho
kama watu.

Husemwa akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Mimi huzifagia. Miaka kumi na tisa.
Ninaloweza kuliapia ni hili:
hofu ndiyo nywele. Kila mtu ana yake,
nayo imelalia upande wake;
ukiipinga kwa wembe, unatoa damu.

Mwalimu Nanuli, wa hesabu, nilimnyoa mguu,
maana mshipa wa mguu ndio uhamao kwenda moyoni.
Alitaka kujua. Moyo utasimama dakika ngapi?
Mashine itasukuma lita ngapi?
Uzi wa kushonea huyeyuka, au nitazikwa nao?
Akaandika yote katika daftari la miraba,
akapigia jibu mistari miwili, kama alivyozoea.
Halafu akaomba maji,
na bilauri ikamgonga meno: ti, ti, ti.

Vazha wa malori akainua juisi ya komamanga:
"Kwa moyo wangu, mvivu huyu!
Nimemlisha miaka sitini, kesho anataka likizo."
Wodi nzima ikacheka, hata mimi, wembe ukiwa hewani.
Usiku wa manane nikamkuta kwenye ngazi, soksi tupu,
akipanda vidato saba, akishuka saba.
Hatukusemeshana.

Na Otar. Daktari alipofungua mdomo,
Otar alijifunika mto kichwani. "Usiniambie.
Kata unavyojua." Kwangu akazungumzia mizabibu tu:
mwezi wa pili hukatwa, macho mawili yabaki,
aachaye matatu ana tamaa.
Binti wa chuo, Tekle, alikuja na maswali yake:
kutoka moja hadi tano, hofu yako ni ngapi?
"Andika mizabibu," akasema Otar.
Tekle akatafuta kisanduku cha mizabibu, hakukiona.

Nilimwuliza binti: nani hurudi?
Ajuaye, akwepaye, achekaye?
Akasema karatasi bado hazijatosha.
Nami zamani nilikuwa nikibashiri kimoyomoyo.
Niliacha mwaka wa Shalva, aliyepiga mluzi jioni nzima,
na Alhamisi kitanda chake kilikuwa godoro tupu.
Lamara alilia siku tatu, povu likachanganyika na machozi;
leo anauza mikate ya jibini karibu na stendi
na hunipunja chenji.

Saa kumi na moja alfajiri Otar aliniita.
"Sasa niambie. Dakika ngapi?"
Sikujua. Kazi yangu ni ngozi, ya ndani siyajui.
Mlangoni akasimama Nanuli, hakulala,
akisukuma mti wa dripu, daftari kwapani.
Akasoma polepole, kama amsomeaye mtoto imla:
dakika tisini, labda mia.
Moyo hupozwa. Hupumzika. Huamshwa.
Otar akasikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi.
"Na wewe," akasema, "una kibaraza? Panda mzabibu mmoja."
"Sijui kupogoa."
"Macho mawili."
Akaandika. Akapigia mistari miwili.

Machela zilikuja saa moja kamili.
Nikabaki na ufagio,
nywele za Otar nyeupe, za Vazha bado nyeusi,
na zile fupifupi za mguu wa mwalimu,
ambazo huzioni mpaka uiname.